Ukiitwa, Nenda

Mwenyekiti wetu wa kitongoji hakukaa kwenye kiti cha mtu. Akija kwako kwa shauri la mpaka, au la ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani, utamtolea kiti, utamtolea hata sofa, naye ataangaza macho uani mpaka aone debe tupu. Atalipindua, atakaa, atakunja koti lake magotini, ndipo aseme, "Haya, nani anaanza?" Siku moja nilimuuliza kwa nini ananidharau, maana viti vyangu nilivinunua mjini kwa jasho langu. Akanijibu, "Kiti chenye mto kina shauri lake. Nikikaa hapo nitaanza kukubaliana na wewe kabla hujasema."

Jina lake silitaji. Waliomjua watamjua, na wasiomjua jina halitawasaidia kitu. Alizaliwa lini, ukoo gani, hayo wataandika watoto wake wakipenda. Mimi naandika niliyoyaona, na nimeona mengi, maana tulikuwa majirani huku juu ya Maji ya Chai tangu nikiwa nasukuma toroli la ndizi mpaka leo ninapomiliki malori. Shule niliishia darasa la nne na sioni haya. Wenye digrii wanakuja kukodi malori yangu na wananipa shikamoo. Kwa hiyo nikiandika vibaya, mtavumilia.

Alikuwa mrefu, mkavu, koti la sufu jua likiwaka, na miguuni gambuti za mvua hata Januari vumbi likitimka. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama yetu sote tuliokunywa maji ya huku utotoni. Alikuja ofisa mmoja kutoka mjini kuhakiki wakazi, akawa anadai vitambulisho, na nusu ya watu hawana. Mwenyekiti akamwambia, "Waambie wacheke. Mwenye meno meupe ndiye umuulize alikotoka." Uwanja mzima ulicheka, kahawia tupu. Ofisa meno yake yalikuwa meupe. Hakucheka.

Neno lake kubwa lilikuwa moja: ukiitwa, nenda. Alikuwa na filimbi shingoni, ya kamba ya kiatu. Ikilia asubuhi ni mkutano au msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kuzibua mfereji au kuparua barabara. Asiyefika faini yake debe la maharage kwa jiko la shule. Na faini hiyo ilikuwa na sharti: unalibeba mwenyewe, kwa mikono yako, mchana, watu wakuone.

Mimi nilimjua vizuri kwa maharage hayo. Nilikuwa na lori langu la kwanza, na mtu mwenye lori la kwanza hana akili sana. Barabara yetu ilikuwa imeharibiwa na masika, akapuliza filimbi. Siku hiyo nilikuwa na miadi ya kupatana bei ya mchanga Usa River, nikamtuma dereva na lori limejaa moramu ya kufukia mashimo, bure, ya kwangu. Nikajua nimewafunika wote. Jioni nikamwona anaingia uani, anatafuta debe lake la kukalia.

"Leo hukuja," akasema.

"Mwenyekiti, nimeleta lori zima la moramu! Wenzangu wameleta majembe."

"Lori nimeliona, limefanya kazi nzuri. Lakini lori halikuitwa. Niliita wewe."

"Sasa unataka nini?"

"Maharage. Kama wengine wasiofika."

"Unajua moramu ile ni sawa na madebe mangapi ya maharage?"

"Moramu ni zawadi, tunashukuru. Maharage ni faini. Usichanganye."

Nililibeba. Mpishi wa shule akanipokea akiinamisha goti kwa kejeli, "Karibu tajiri." Nilimnunia Mwenyekiti mpaka kahawa ikavunwa.

Hakumwacha mtu. Aliwahi kumtoza faini mkewe mwenyewe, aliyekosa mkutano kwa sababu alikuwa anawapikia wageni wa Mwenyekiti huyo huyo. Mama yule alikuwa mfupi, mcheshi, na ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akimwamuru. Alikwenda ghalani kwa mumewe, akapima debe likafurika, akalibeba kwenda shule akiimba. Alipopita kwangu akasema, "Faini yangu, maharage yake." Msimu ule Mwenyekiti alikula loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, mchana na usiku, maana maharage ya kuungia ndizi hayakuwepo.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa chai. Ukienda kwake utapewa miche ya kahawa, utapewa machipukizi ya migomba, utapewa maneno, chai hupati. Simu aliiweka ndani ya soksi, soksi ndani ya koti, na ukimpigia anapokea umeshakata. Wengine aliwahimiza waandikiane mambo ya ardhi upesi, ya kwake aliyaacha yalale. Na ulimi wake haukuwa na breki. Mwenye gari anajua maana ya hilo: mlima unaupanda vizuri, kuteremka ndiko kunakokuua.

Sasa nifike kwenye shauri lake la shamba.

Juu ya kwake Mwenyekiti, karibu na msitu, aliishi mama mmoja mzee kuliko sisi, mjane. Sote tulimwita Bibi wa Juu. Shamba lake lilipakana na la Mwenyekiti, akamuuzia kipande cha chini, chenye kahawa na migomba, kuanzia mfereji mpaka korongoni. Waliandikiana mbele ya mashahidi, Mwenyekiti akatoa sehemu kubwa ya fedha papo hapo. Iliyobaki angeitoa siku ya kuonyeshwa mpaka wa upande wa juu, ambao ulikuwa haujawekewa alama. Hilo la mpaka halikuandikwa. Lilisemwa tu, na wote walilisikia.

Siku ya kuonyeshana mpaka haikuja. Mara Bibi anaumwa miguu, mara mwanawe wa mjini hana nafasi, mara mvua. Mwenyekiti naye hakuhimiza, alilima tu. Katikati ya kungoja huko mkewe akafariki, na kabla ya kufariki alisema azikwe kwenye kile kipande kipya, chini ya mti wa mringaringa, kwa sababu pale pametulia na unasikia maji ya mfereji. Bibi wa Juu alikubali. Siku ya mazishi aliteremka na mkongojo wake, akatupa udongo kabla ya wengine.

Fedha iliyobaki Mwenyekiti alikuwa nayo. Hilo nalisema wazi, maana baadaye watu walisema vingine. Ilikuwa imelala kwenye chama cha akiba, haiguswi. Nilipomuuliza mbona hamalizi akaniambia, "Nimekaa kwenye mashauri ya ardhi kuliko wewe ulivyokaa kwenye usukani. Fedha iliyobaki ndiyo inayoushikilia mpaka. Ukiitoa mapema, mpaka unatembea."

Basi ikafika siku ya kuzibua mfereji, watu wote wapo. Bibi wa Juu alikuja kusimama tu, kwa heshima. Mtu mmoja akachokoza, "Mwenyekiti, hapa tuzibue mpaka wapi, kwako ni wapi na kwa Bibi ni wapi?" Watu wakacheka kidogo. Na Mwenyekiti, mbele ya watoto na wajukuu wa yule mama, akasema, "Muulizeni Bibi. Yeye anauza mbuzi, anabaki na kamba."

Kicheko kilikatika. Bibi wa Juu aligeuka akapanda kwake polepole, na hakuna aliyethubutu kumsindikiza.

Mwanawe huyo wa mjini anauza vipuri vya pikipiki kule Elerai. Kijana mwenye bidii, sitamsema vibaya. Alipopata habari kwamba mama yake ametukanwa, alikwenda kwenye baraza la ardhi akafungua shauri kwa niaba yake, na hati ya uwakilishi mkononi. Alidai fedha iliyobaki, au shamba lirudi. Mwenyekiti akaletewa wito, akausaini.

Nilimkuta amekaa juu ya debe kwake, karatasi ipo gotini.

"Hii si kesi ya shamba," akaniambia. "Hii ni ile kamba."

"Basi kamwombe radhi."

"Nitamwomba kama inavyotakiwa. Utanibebea."

Kwetu huku mlimani sale ni mmea wa kila siku, majani marefu ya kijani, hupandwa mpakani na hakuna anayeung'oa. Lakini una kazi nyingine. Ukimkosea mtu mkubwa, unamtumia sale lililofungwa fundo, na analibeba mtu mwingine, wewe unabaki nyumbani na aibu yako. Akilipokea, ugomvi umekufa. Kulikataa ni jambo zito. Kulipokea kisha ukaendelea kugombana ni zito zaidi, mimi sijawahi kumwona mtu aliyefanya hivyo akaendelea kusalimiwa.

Nililibeba mimi, pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Bibi wa Juu alitupokea getini. Tukampa shikamoo, nikalitoa sale na shina lake kutoka kwenye koti. Akainama kuliangalia shina.

"Amelikata yeye?"

"Yeye, Mama."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Nilikuwepo."

Akalichukua. "Mwambieni nimelipokea. Na mwambieni ulimi wake aufunge hivi hivi," akatuonyesha lile fundo. Kisha akacheka, nasi tukapata ruhusa ya kucheka. Tukapewa maziwa mgando, tukanywa. Tulipokuwa tunaondoka nilimwona anachimbua udongo kwa ncha ya mkongojo, pale pale pembeni ya geti, analipanda.

Tarehe ya wito ilipofika nilipita kwa Mwenyekiti na lori, nikijua nitampa lifti ya mjini. Nikamkuta anapunguzia migomba, kisu mkononi.

"Si leo?" nikamuuliza.

"Leo nini?"

"Umeitwa mjini."

"Aliyeniita tumeshapatana. Niende nikaseme nini? Nisimame mbele ya wageni nimpinge mtu aliyepokea sale langu? Hiyo ni kumrudishia jani usoni."

Nilifikiri nikaona ni kweli. Hata leo naona ilikuwa kweli, kwa huku kwetu. Kosa letu watu wa mlimani lilikuwa kudhani kwamba jambo likiisha getini kwa Bibi, limeisha na mjini pia, kana kwamba faili lile lilikunywa maziwa pamoja nasi.

Mjini waliita jina lake, hakuwepo. Wakaahirisha, wakamletea wito mwingine, naye akausaini kwa adabu na akarudi kwenye migomba. Wakamsikiliza mwana wa Bibi peke yake. Ndiyo inaitwa hukumu ya upande mmoja. Alipe fedha iliyobaki pamoja na gharama za shauri katika muda aliopewa, la sivyo shamba lirudi kwa muuzaji, na dalali wa baraza atakuja kulikabidhi.

Nakala ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Ubao huo Mwenyekiti aliupigilia misumari yeye mwenyewe, ili watu wasiseme hawakupata habari. Nilikuwepo watu walipokuwa wanasoma. Mmoja ambaye maharage yake yameshaliwa sana shuleni akasoma kwa sauti mpaka mwisho, akageuka, akatangaza, "Ukiitwa, nenda!" Wakacheka mpaka wakashikana. Wakati huo huo Mwenyekiti akawa anaingia.

Walimpisha. Alifuta miwani kwa pindo la koti, akasoma yote, hakuruka mstari. Kona moja ya karatasi ilikuwa imelegea, inapeperuka. Akaisukuma pini kwa kidole gumba ikakaza. Akatoka.

Nilimfuata njiani. "Fedha si ipo? Kalipe kesho. Na kama haitoshi hizo gharama, mimi nitaongeza, nina hela."

"Najua una hela, unasema kila siku. Nikilipa sasa nimelipa shamba lisilo na mpaka wa juu. Mringaringa uko juu, bwana. Kesho huyu kijana akisema mpaka unapita chini ya mringaringa, mke wangu atakuwa amelala kwenye shamba la mtu."

Kumbe ni kaburi. Nilikuwa nafikiri tunazungumzia kahawa.

Nikampeleka kwa wakili, mwanamke kijana, mkali, alitusikiliza vizuri. Akasema hukumu ya namna hii inaweza kutenguliwa kama mdaiwa ana sababu nzuri ya kutofika. "Mzee, ulikuwa unaumwa?" Mwenyekiti akasema hapana. Nikamkanyaga mguu. Gambuti ni nene, hakusikia, au alisikia. Tulipotoka nikamwambia, "Una kikohozi tangu mwaka juzi. Cheti utapata. Sema malaria!"

"Malaria niitoe wapi?"

Siku ya maombi hayo tulifika mapema. Kwenye korido nikakutana na mwana wa Bibi, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, mama yako alipokea sale. Nililibeba kwa mikono hii."

"Mzee wangu, nakuheshimu sana. Hilo sale lina muhuri? Huyu mzee amevuna kahawa ya mama miaka yote hii hajamaliza kulipa. Tukimwambia, anasema mpaka, mpaka. Mashauri ya mipaka ya watu wote anayakalia yeye. La kwake ndilo linamshinda?"

Nikamgeuzia swali. "Mama yako anajua uko hapa?"

"Mama anaumwa. Nimemwambia kesi nimeshaifuta, asiwe na mawazo." Akaangalia viatu vyake. Viatu vilikuwa safi.

Ndani, mwenyekiti wa baraza alikuwa mtu wa mikoa ya mbali, kwa lafudhi yake. Pembeni yake walikaa wazee wa baraza, na mmoja wao alikuwa wa kwetu. Sikuhitaji kuambiwa, alipopiga miayo nilimwona meno.

"Mzee, wito uliupata?"

"Niliupata. Miito yote miwili. Sahihi ni yangu."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Sikuumwa. Nilikuwa napunguzia migomba."

Wakili wetu alifumba macho.

"Sasa kwa nini hukufika?"

"Tulikuwa tumepatana na mwenye shamba. Nilimpelekea sale, akalipokea. Kwetu mtu akilipokea huendi tena kushindana naye. Ningekuja hapa ningekuwa nimemtukana mara ya pili."

Yule mzee wa baraza wa kwetu akatikisa kichwa taratibu, akamnong'oneza mkubwa wake. Mkubwa akasikiliza, tena kwa makini, sitamsingizia.

"Mzee, nimekuelewa, na desturi yenu naiheshimu," akasema. "Lakini kama mlipatana mngekuja wote wawili mkatuambia, faili lingefungwa siku ile ile. Baraza haliwezi kuona jani lililopandwa getini kwa mtu huko Meru. Uliitwa, ukapata wito, hukuja."

Maombi yakakataliwa. Muda ukahesabiwa upya na hukumu ikabaki.

Nje nilimgombeza kama mtoto. Nilimwambia yeye ni mjinga, kwamba mimi sikusoma lakini ningeshinda kesi ile kwa neno moja tu la malaria. Aliniacha nimalize. Akanunua hindi la kuchoma, akalivunja, akanipa kipande kikubwa. Ndiyo mara pekee aliyowahi kuninunulia kitu.

"Yule bwana amesema kweli," akasema akitafuna. "Uliitwa, hukuja. Ningesema hivyo hivyo."

"Basi nitakwenda kwa Bibi."

"Usiende. Sale halipelekwi mara mbili."

"Sipeleki sale. Naenda kusalimia mgonjwa. Hilo nalo utanitoza maharage?"

Akaendelea kutafuna.

Nilipanda kwa Bibi wa Juu kwa miguu, lori haliingii mpaka kwake. Pale getini lile sale lilikuwa limeshika, limetoa majani mapya katikati. Bibi alitoka akijikongoja, amepungua.

"Shikamoo Mama. Naona limeota."

"Marahaba. Kwani ulidhani nimelipanda liwe pambo?"

"Basi mbona dalali wa baraza anakuja kulichukua shamba?"

"Shamba gani?"

"La Mwenyekiti. Pale alipolala mkewe."

Alikaa juu ya jiwe la geti bila kuangalia kama ni safi. Nikamweleza kwa mpangilio, tangu wito mpaka korido. Sikuongeza, na sikumpunguzia mwanawe hata neno la mipaka, maana na yeye alikuwa na haki yake. Bibi alikuwa anashikashika jani moja la sale, analinyoosha, linarudi.

"Mimi niliweka udongo pale," akasema. "Kabla ya wote." Kisha akasema, "Nipigie huyo."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu. Kijana akaanza salamu. Bibi hakuipokea.

"Kesho uje na jembe."

"Mama, kesho dukani kuna mzigo una..."

"Nimekuita."

Akanirudishia simu. "Izime hiyo."

Kesho yake niliweka bulungutu langu mfukoni, nikashuka mpaka shambani kwa Mwenyekiti, nimeamua kwamba kama ni gharama zinazokwamisha nazilipa kwa nguvu. Nikawakuta wote. Bibi wa Juu amekaa karibu na mfereji, kwenye kiti chenye mto, cha nyumbani kwa Mwenyekiti mwenyewe. Sikujua kama alikuwa nacho. Miguuni pa Bibi kuna fungu la vipande vya sale, amevikata kutoka getini kwake. Mwanawe anachimba mashimo kwa shati la mjini, jasho linamtoka.

"Kiti chenye mto, Mwenyekiti?" nikamwambia.

"Leo nataka akubaliane na mimi." Akanitazama mfuko. "Wewe umekuja kama shahidi au kama benki?"

"Kama shahidi."

"Basi shika kamba."

Bibi alionyesha kwa mkongojo. Kutoka jiwe la mfereji, kupita juu ya mringaringa, tena juu kabisa, hatua nzuri juu ya kaburi, mpaka mdomo wa korongo. Kijana akauliza, "Mama, si ilikuwa chini ya mti?" Bibi akamwambia, "Nani aliuza, mimi au wewe?" Akachimba.

Tulipomaliza kupanda, Mwenyekiti alipiga magoti mbele ya kile kiti, akampa Bibi fedha yote iliyobaki, aliyokuwa ameshaitoa kwenye chama, mkononi. Bibi akampa mwanawe aihesabu. Kisha Mwenyekiti akatoa fedha nyingine, zimefungwa kitambaa, kutoka kwenye ile soksi ya simu, gharama za shauri.

Kijana alikuwa ameshalainika. "Mzee, hizi tuziache. Yamekwisha."

"Hesabu," Mwenyekiti akasema.

Akahesabu. Baadaye walikwenda mjini wakiwa wote, wakaandikisha kwamba hukumu imetimizwa, faili likafungwa. Safari hii hakungoja wito.

Uchaguzi uliofuata hakugombea. Alisema kifua kimechoka kupuliza. Filimbi alimwachia aliyemfuata, ambaye anaita watu kwa simu na hawaji.

Mara ya mwisho kumwona amesimama kwa miguu yake ilikuwa baada ya mavuno ya maharage. Nilikuwa natoka juu na lori tupu. Nikamkuta kando ya barabara, koti lile lile, gambuti zile zile, anahema, ameegemea mkono kwenye mpaka ule wa masale unaoanzia hapo mfereji unapokata barabara, ambao ulikuwa umeshafika kifuani kwake. Miguuni kuna debe limejaa maharage, limefunikwa jani la mgomba.

Nikasimamisha. "Unapeleka wapi hilo?"

"Shule."

"Nani amekosa mkutano?"

"Niliitwa, sikwenda." Akapumua. "Nilikuwa nangoja maharage ya shambani kwangu. Faini hainunuliwi dukani."

"Ulishalipa gharama, Mwenyekiti. Mimi nilikuwepo."

"Gharama ni za mjini. Usichanganye."

Nikazima injini, nikateremka, nikafungua mlango wa nyuma. "Haya, lete nipakie. Shule ni kule kule ninakokwenda."

Akaniangalia kama alivyoniangalia siku ile ya moramu, akacheka, kahawia tupu.

"Lori halikuitwa," akasema. "Njoo unishikie upande mmoja. Na wewe ulikuja na lifti yako ukaniona sikwenda, ukanyamaza."

Nililiacha lori pale pale barabarani. Tukalishika debe, yeye huku, mimi huku, tukateremka nalo taratibu mpaka jikoni kwa shule, watu wakituona.